Mtani Ndani ya Jeneza la Serikali

Ilikuwapo nchi moja, na wapitao huko wanasema bado ipo, ambayo jina lake halitajwi mpaka mtu akate kibali cha kulitaja. Basi sisi tutaiita nchi tu, na hakuna atakayeumia. Ilikuwa nchi nzuri. Mvua ilinyesha kwa tangazo, barabara zilizinduliwa kila mwaka, tena zilezile, na serikali iliwapenda wananchi mpaka ikataka kujua kila mmoja ametoka wapi.

Kwa mapenzi hayo Wizara ya Asili na Vizazi ilianzisha huduma ya mtandaoni iliyoitwa Shina Langu. Ukilipia kifurushi cha Mizizi Mifupi, unaonyeshwa baba yako na mama yako, hata kama wamekaa hapo sebuleni wanakunywa chai. Ukilipia Mizizi ya Kati unapewa na mababu. Mizizi Mirefu ilikuwa ya wakubwa, na huko mambo yalinoga zaidi. Waziri mwenyewe alikutwa ni kitukuu cha simba. Si mtu aliyeitwa Simba, hapana, simba mwenye manyoya, na cheti kilitundikwa ofisini kwake. Mwezi wa kwanza ulikuwa bure. Kujitoa kuliruhusiwa wakati wowote, mradi ulete saini ya babu yako wa tatu.

Tatizo lilikuwa moja tu. Vitabu vya zamani vya nchi hiyo vililiwa na mchwa, na mchwa hawakuhojiwa. Hao mababu wa kuuza wangetoka wapi? Waziri akapanda jukwaani akasema, "Ndugu wananchi, tumefanya utafiti wa kina, na wa mapana, na wa katikati. Tumegundua kwamba mahali pekee ambapo mwananchi huwataja wazazi wa wazazi wake ni msibani. Na msibani mtu hadanganyi, kwa sababu marehemu yupo anasikia. Kuanzia leo, neno la msibani ni ushahidi kamili."

Watu wakapiga makofi, maana askari walikuwa wanaangalia mikono. Kila nyumba iliyofiwa ikatundikiwa kisanduku cha kijani chenye taa ndogo nyekundu. Kikaitwa Sikio la Taifa.

Katika wataalamu wote wa Wizara hakuna aliyewakumbuka watani. Au walikumbuka wakaogopa kusema.

Maana katika nchi hiyo watu wa Bondeni na watu wa Kilimani ni watani tangu enzi. Mtu wa Bondeni akifa, mtu wa Kilimani anakuja kuchimba kaburi, kupika, na kumtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi yake, na wa Bondeni naye hivyohivyo. Mtani asipotukana, watu huulizana marehemu alimkosea nini.

*

Bibi Siwatu alikuwa mtu wa Bondeni. Aliishia darasa la tatu, akisoma anakwenda herufi mojamoja kama anayechambua mchele. Nyumbani kwake walikuwa watatu: yeye, mumewe Mkongea, na mjukuu wao Mashavu, mtoto wa kike wa miaka saba, ambaye wazazi wake walifariki akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kisha Mkongea akafa, wakabaki wawili na kisanduku cha kijani ukutani.

Siku ya mazishi ya Mkongea alikuja mtani wao wa siku nyingi, Mzee Chambuso wa Kilimani, fundi wa kuziba sufuria. Alikuja amevaa gauni la binti yake, tena nje ndani. Alichimba kaburi mpaka likakamilika, kisha akalala humo akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Alipopewa akasimama, udongo umemjaa kichwani, akasema mbele ya watu wote:

"Mnamlilia huyu? Babu yake tulimnunua sisi kwa nusu kikapu cha chumvi, na tulipunjwa. Usiku wa kwanza kwetu akaiba ngoma ya chifu, akaila ngozi yake mbichi, bila chumvi, kwa sababu chumvi ilibaki kwenu. Mwizi mtupu. Mfukieni haraka kabla hajaamka akaiba jembe."

Watu walicheka, Bibi Siwatu akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mumewe augue. Taa nyekundu ya Sikio ikapepesa, hakuna aliyeitazama.

Baada ya wiki tatu simu yake ililia akiwa anapika maharage. Aliketi akaanza kuchambua herufi.

"Hongera, Mteja Siwatu. Tumepata taarifa mpya kuhusu nyumba yako. Babu wa marehemu: MWIZI WA NGOMA YA TAIFA. Hali ya shina: BOVU. Kwa Kanuni ya Malezi, mtoto MASHAVU atahamishiwa kwenye familia yenye shina safi siku ya Alhamisi saa sita mchana. Asante kwa kuchagua Shina Langu. Tafadhali tupe nyota tano."

Alisoma mara ya kwanza, hakuamini. Akasoma mara ya pili akitumaini kwamba ni darasa lake la tatu linalomdanganya. Mara ya tatu maharage yaliungua. Nchi hiyo haikuwahi kuwa na Ngoma ya Taifa, lakini sasa ilikuwa imeibiwa.

Alijikokota mpaka ukutani, akachukua tenga akalifunika Sikio. Tangu hapo ndani ya nyumba ile watu walinong'ona.

"Bibi, mbona tunaongea hivi?" Mashavu aliuliza. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo hata kunong'ona kwake kulipiga mluzi.

"Koo linaniuma."

"Na mimi langu linaniuma?"

"Na lako pia. Kula."

*

Wizarani kulikuwa na Dirisha la Mababu, Dirisha la Marehemu, na Dirisha la Wanaoelekea. Bibi Siwatu alipanga foleni kwenye hilo la tatu, maana ndilo lililokuwa na watu wa rika lake, akaambiwa amekosea, akaanza upya kwenye la kwanza. Hapo alikaa kijana wa tai, Bwana Kahimba, Afisa Mababu Daraja la Pili. Mezani kwake nako kulikuwa na Sikio.

"Hujambo mwanangu," Bibi Siwatu alisema, akingoja shikamoo yake.

Bwana Kahimba aliinua kidole. "Subiri mama. Kwanza mfumo uthibitishe nani mkubwa." Akabonyeza, akangoja, akasoma. "Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, nimepata ujumbe huu. Yale maneno yalikuwa utani."

"Kwenye mfumo kuna Kweli, na kuna Kweli Kabisa. Utani haupo."

"Kwani wewe kwenu ni wapi?"

"Mimi natoka kwetu."

"Huko kwenu hamna watani?"

Bwana Kahimba aliitazama taa nyekundu. Midomo yake ilisema "tulikuwa nao", lakini bila sauti. Kisha akapaza: "Mfumo haukosei, mama, kwa sababu mfumo hauna mdomo. Unalo sikio tu. Umeona sikio likisema uongo?"

"Sijaona."

"Basi." Akaanza kumweleza taratibu, na kwa taratibu alikuwa mwema, alizieleza zote. Rufaa ilikuwapo, Alhamisi asubuhi, mbele ya Kamati ya Kusafisha Mashina. Bibi mwenyewe hatasikilizwa, maana mlalamikaji ana upande. Atasikilizwa shahidi, yaani yule aliyeyasema maneno. Akisema ni kweli, mtoto anaondoka. Akisema ni uongo, mtoto anabaki, lakini shahidi wa uongo wa msibani anafutwa.

"Anafutwa wapi?"

"Kwenye mfumo. Anakuwa hakuzaliwa."

"Na atakula nini?"

"Asiyezaliwa hali, mama."

"Na hayo maneno yake?"

"Shahidi akifutwa, maneno yake yote yanaanguka. Ila siku akitajwa tena kwenye msiba wowote, naye atasimama, na maneno yatasimama pamoja naye kama yalivyokuwa. Mfumo hausahau, unasinzia tu." Akatabasamu kwa mdomo peke yake. "Utatupa nyota ngapi?"

Bibi Siwatu aliogopa kutoa chache. Akatoa tano.

*

Kesho yake alipanda Kilimani. Njia nzima alikuwa anajiuliza atasema nini. Mtani haombwi radhi wala haombi radhi. Ukimwambia mtani ajute alichosema msibani, unakigeuza kuwa tusi la kweli, na miaka yote ya nyuma inakuwa ugomvi. Tena hapa hakwenda kumwomba ajute tu. Alikwenda kumwomba mtu akubali asizaliwe.

Mzee Chambuso alikuwa kibarazani na sufuria mapajani, akigongagonga.

"Nani huyo anapanda na miguu ya korongo? Ala, kumbe mtumwa wetu. Umeleta maji, au umeleta njaa yako ileile?"

Bibi Siwatu alipaswa kujibu. Alikuwa na majibu mengi ya siku zote, kuhusu kichwa cha Chambuso na kuhusu mama yake Chambuso. Hakuna lililokuja. Akaketi.

"Leo hutukani," Chambuso alisema polepole. "Unaumwa?"

Akamweleza. Chambuso aliiweka sufuria chini.

"Wameandika kwamba niliila mimi hiyo ngoma?"

"Babu yake Mkongea."

"Na chumvi?"

"Wameandika bila chumvi."

"Basi wameandika vizuri." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Nyendo, binti yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, alirudi ndani akafunga dirisha, ingawa nyumba ile haikuwa na Sikio.

"Sikuja kukuombesha radhi," Bibi Siwatu alisema.

"Ungethubutu. Nikisema samahani, Mkongea ataamka anidai yule kuku."

"Nimekuja kukuogopesha kidogo, ili nisiogope peke yangu."

"Hapo umefaulu."

Aliiokota sufuria, akaichungulia dhidi ya jua kuona kama tundu limeziba. Halikuziba.

"Huyo mjukuu wako ana meno?" aliuliza.

"Mawili ya mbele yameng'oka."

"Mlete Alhamisi na mapengo yake. Mimi nitakuja. Sasa ondoka, unanuka Bondeni."

Bibi Siwatu aliteremka bila kujua amekubaliwa nini.

*

Kwa kuwa mfumo ulipokea maneno ya msibani tu, kila kikao cha Kamati kiliendeshwa kama msiba. Ukumbini palitandikwa mikeka ya serikali. Katikati kulikuwa na jeneza la serikali, tupu, lina namba ya usajili ubavuni. Wajumbe wanne, Mwenyekiti akiwamo, walijifunga kanga viunoni juu ya suti. Karani wa Kilio alilia kwa vipindi, akisoma saa. Sikio la Taifa, kubwa kuliko yote, lilitundikwa chini ya picha ya Waziri na simba wake.

Bibi Siwatu alikaa na Mashavu mapajani, ingawa mtoto alishapita umri wa kupakatwa. Mkabala nao walikaa Bwana Mbonde na mkewe, familia yenye shina safi. Walikuwa wamekuja na sare mpya ya shule, imekunjwa vizuri, kubwa mno kwa Mashavu. Mke wa Mbonde alikuwa akimtazama mtoto kama mtu anayepima kitambaa.

"Bibi, wale wanamngoja nani?" Mashavu alinong'ona.

Bibi Siwatu alizidi kumkumbatia.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Nandala, mwenye shahada mbili za mababu na moja ya heshima, aligonga jeneza kwa rungu dogo. "Msiba huu umefunguliwa rasmi. Marehemu hayupo, ametoa udhuru. Shahidi aingie."

Mzee Chambuso aliingia amevaa lile gauni nje ndani, na sufuria kichwani kama kofia. Aliwatazama wajumbe, akaitazama mikeka, akalitazama jeneza. Kisha akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akaingia ndani ya jeneza akalala.

Askari walitazamana. Kanuni zilikataza kulia kupita kiwango, kula kabla ya wageni, na kuzima simu, lakini kulala ndani ya jeneza la serikali hakukuandikwa popote.

"Shahidi, toka humo," Mwenyekiti alisema.

"Sitoki mpaka nipewe kuku."

"Wizara haina kuku."

"Basi Wizara imefiwa vibaya."

Mtu alicheka. Alikuwa Bwana Kahimba, pale pembeni, na haraka akakigeuza kuwa kikohozi.

"Shahidi," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya kusoma, "maneno uliyosema kwenye msiba wa Mkongea ni ya kweli, au ni ya uongo?"

Akisema kweli, mtoto anakwenda. Akisema uongo, mzee anakwenda. Bibi Siwatu alijikuta anaombea neno la tatu, ambalo halikuwepo kwenye mfumo.

"Kweli tupu," ilisema sauti kutoka ndani ya jeneza.

Mke wa Mbonde akaikunjua sare.

"Ila sikumaliza," sauti iliendelea. "Siku ile pilau liliiva nikaacha katikati. Naomba nimalize."

Wajumbe walinong'onezana. Ushahidi nusu ulikuwa kosa. Mwenyekiti akaruhusu.

Mzee Chambuso aliketi ndani ya jeneza, sufuria bado kichwani. "Ngoma ile ilikuwa kubwa. Mtu mmoja mwenye njaa asingeiweza. Mama Mwenyekiti, wewe kwenu wapi?"

"Mimi ni wa Bondeni," Mheshimiwa Nandala alijibu kwa fahari, kabla hajafikiri.

"Nilijua, kwa hayo masikio. Babu yako ndiye aliyeshika upande wa pili. Alikuwa analia njiani kwa sababu ya mwiba mguuni. Na ninyi watatu, mnaojificha ndani ya kanga?"

Hawakujibu, lakini Karani wa Kilio, kwa uaminifu wa kazi, alisoma orodha: wote wa Bondeni.

"Ehe. Wa kwanza aliwasha moto, wa pili alichuna ngozi, wa tatu alikuja mwisho akalamba mbao. Na wewe bwana mwenye sare? Mbonde? Babu yako alisimama mlangoni akipiga mluzi, tena vibaya. Na huyo simba hapo juu ukutani." Aliinyooshea picha kidole. "Huyo hakuwa simba. Alikuwa paka wa jikoni kwetu. Ndiye aliyewaonyesha njia."

Taa nyekundu ilipepesa, ikapepesa, ikapepesa.

Simu ya Mwenyekiti ililia. Kisha za wajumbe, moja baada ya nyingine. Kisha ya Bwana Mbonde. Kila mmoja aliisoma yake, na haikuchukua muda kama wa Bibi Siwatu, maana walikuwa wasomi. Hongera. Tumepata taarifa mpya. Hali ya shina: BOVU. Mheshimiwa Nandala alikuwa na watoto wanne, na majina yao yote yalikuwa pale kwa herufi kubwa, na Alhamisi ya wiki inayofuata. Bibi Siwatu aliuona uso wake ukibadilika. Aliutambua uso huo. Alikuwa akiuona kwenye kioo chake wiki nzima.

Kamati ilikwenda kusimama nyuma ya jeneza, ikashauriana. Iliporudi, sauti ya Mwenyekiti ilikuwa imekauka. "Kwa kuzingatia maslahi mapana ya taifa, imebainika kwamba shahidi huyu ni wa uongo, leo, na siku ile, na siku zote kabla ya hapo. Anafutwa. Maneno yake yote yanaanguka. Mtoto arudi kwao. Msiba umefungwa."

Karani wa Kilio alisahau kulia.

Mzee Chambuso alipewa Cheti cha Kutozaliwa, chenye nafasi ya picha. Kilitolewa bure, kwa sababu asiyezaliwa hana mfuko. Alikigeuza huku na huku, akasema, "Na kuku?" Hakuna aliyemjibu, maana hapakuwa na mtu ndani ya jeneza.

Mlangoni Mheshimiwa Nandala alimshika Bibi Siwatu mkono. "Mama," alisema, na sauti haikuwa ya kusoma. "Nakuomba. Usije ukamtaja."

*

Basi Mashavu alibaki, akasahau. Bibi Siwatu hakusahau. Kisanduku kilikuwa bado ukutani chini ya tenga, maana kifurushi chake kiliendelea chenyewe na babu yake wa tatu hakupatikana kwa saini. Alilala akikisikia kinavuma.

Mzee Chambuso alikuwa akipita Bondeni na sufuria zake, na watu waliangalia pembeni. Huwezi kumwamkia ambaye hakuzaliwa, unaweza kuulizwa ulikuwa unamwamkia nani. Bibi Siwatu alimpelekea viazi, akaviweka kibarazani, akasema, "Wewe, chakula hiki." Hakuthubutu zaidi.

"Mtumwa wetu ameota adabu," Chambuso alimwambia. "Zamani ungeniambia kichwa changu kama kibuyu."

Bibi Siwatu alitazama chini.

"Sema basi. Kama nini?"

"Kula, viazi vitapoa."

"Wizara imenifuta mara moja," Chambuso alisema. "Wewe unanifuta kila ukija."

Masika yalipoanza alipata homa. Zahanati walimsikitikia sana, lakini dawa zilikuwa za waliozaliwa. Alikaa siku tano, ya sita akafa, ingawa kisheria hilo halikuwezekana.

Nyendo alikwenda kuomba kibali cha kuzika akaambiwa hakuna wa kuzikwa. Akapiga hesabu zake, akarudi na kibali cha shimo la kupandia mgomba, mmoja, shimo la kina kirefu. Habari ilimfikia Bibi Siwatu asubuhi kwa mdomo wa jirani aliyesema, "Kule Kilimani leo wanapanda mgomba," akaenda zake bila kugeuka.

Bibi Siwatu alikaa kitandani. Alijua pale shimoni watu watasimama kama wanangoja foleni, watafukia na kuondoka. Hakuna mkeka, hakuna kilio, hakuna mtu wa Bondeni wa kumtukana. Mtu aliyelala ndani ya kaburi la Mkongea, na ndani ya jeneza la serikali, sasa atalala bila neno, kama mgomba. Akamtazama Mashavu, ambaye alikuwa akijaribu kupitisha maji kwenye pengo. Jino moja lilikuwa limeanza kuchomoza. Akakumbuka: akitajwa tena, maneno yatasimama.

Kisha akaondoa tenga ukutani, akalitoa Sikio kwenye msumari, akaliweka ndani ya tenga. Taa ilikuwa inawaka. Aliliweka kichwani, likawa zito kuliko ndoo ya maji, akamshika Mashavu mkono.

Kilimani walikuwa watu kumi na mmoja, wamesimama. Mwili ulikuwa umeshateremshwa, umeviringishwa kwenye mkeka. Nyendo alipoona kile kisanduku cha kijani kinatua ukingoni, alirudi nyuma hatua mbili.

"Bibi, unajua unachofanya?"

"Sijui," Bibi Siwatu alisema. "Naogopa mpaka meno. Nisogezeni mbele nisianguke."

Hakuna aliyemsogeza. Akasogea mwenyewe. Akafungua mdomo, sauti ikatoka nyembamba, ya kunong'ona, sauti ya nyumbani. Akajaribu tena.

"Huyu," alisema, "mnamfukia kimyakimya mnadhani ni mgomba? Mgomba una faida. Huyu ni Chambuso. Kichwa kama kibuyu. Babu yake tulimnunua sisi watu wa Bondeni kwa boga moja, nalo lilikuwa bovu, na bado tulipunjwa. Mama yake alimzaa chini ya meza ya jikoni kwetu akidokoa, ndiyo maana alizaliwa na sufuria mkononi, na tangu siku hiyo hajawahi kuziba tundu likazibika."

Taa ikapepesa mara moja.

Mashavu alimvuta kanga. "Bibi, na mimi niseme?"

Bibi Siwatu alimtazama, na hofu yote aliyokuwa nayo ikaja mara moja. Kisha akasema, "Sema, mama. Mtani wako huyo."

Mashavu alichungulia shimoni. "Chambuso," alisema, na jina likapiga mluzi kwenye pengo, "gauni lako lilikuwa baya, na miguu yako inanuka."

Mzee mmoja wa Kilimani alitoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa. Ilikuwa kicheko. Mwingine akafuata. Nyendo aliketi chini kwenye udongo, akacheka huku machozi yanamtoka, akipiga ardhi kwa kiganja, na kina mama wakaanza kulia kwa sauti, kama watu waliofiwa.

Hapo ndipo simu ya Bibi Siwatu ilipotetemeka ndani ya fundo la kanga. Kisha, kutoka chini huko Bondeni, nyumba moja baada ya nyingine, na mbali zaidi upande wa mjini kwenye maghorofa ya Wizara, zikaanza kulia simu nyingine, nyingi.

Aliitoa. Akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaisogeza karibu na macho, akaanza kuchambua herufi mojamoja.

"Hongera, Mteja Siwatu. Tumepata taarifa mpya. CHAMBUSO, fundi. Kichwa: kibuyu. Miguu: inanuka."

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Barabarani gari lilikuwa linapanda mlima, likibadilisha gia. Hakugeuka kulitazama. Alikuwa hajamaliza kusoma.

"A," alisoma. "Ali. Aliza."

"Alizaliwa, Bibi," Mashavu alisema.